Mistari 1,160 ya Kinu cha Mpunga

Kyela, Jumatano

Kaka Hamidu,

Jana saa nne asubuhi tumepoteza mistari elfu moja mia moja na sitini ya programu yetu. Naanza na hilo usije ukadhani salamu zangu ni dalili ya kutulia. Assalamu alaykum. Mimi mzima. Miguu ya Mama je, bado inavimba? Wifi kajifungua? Huku mvua haijui kukoma, nguo hazikauki, na mpunga umeshaanza kuvunwa.

Disketi ya bluu niliipokea kwa kondakta, nikaitia kwenye mashine. Nikaona vialama, kama kuku kapita kwenye wino. Nilipokupigia kutoka posta ukasema, "Nimeihamishia kwenye programu mpya ya kuandikia, ile ya madirisha. Hata kwangu haisomeki. Tutaandika upya, tena vizuri zaidi." Kisha ukacheka. "Rukia, utaachwa na dunia!"

Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Kosa langu nalikubali. Kanuni niliitunga mimi, baada ya ile safari tulipokuwa na nakala mbili tukapoteza siku kumi na moja kuzilinganisha: aliye na disketi ndiye anayeandika, mwenziwe anafuta yake. Lakini kuwa na zamu si ruhusa ya kubadili chombo kimyakimya.

Wewe ulisoma chuoni. Mimi nilijifunza kwa kitabu kisicho na jalada, huku nikiwapigia watu barua zao taipu. Kwa hiyo nahesabu. Mashine yangu ina memori ya megabaiti nne. Hiyo programu yako mpya inataka kumi na sita. Yako inakuja kwenye sidii, na mashine yangu haina pa kuitia. Ya zamani inaenea kwenye disketi moja, inafunguka kwa sekunde tisa. Juzi umeme ulikatika mara tano kabla ya adhuhuri. Naam, yako inaonyesha kosa kwa rangi nyekundu, na roho inaitaka. Roho haiongezi memori.

Mzee Mwakatundu, mwenye kinu, alinikuta nimeshika kichwa. Unajua anachotaka: programu imwambie gunia lipi la nani na zamu ni ya nani, maana mavuno yakichanganya foleni inafika barabarani.

"Ugonile, mwanangu," akanisalimu. "Imekubali?"

"Bado, baba."

"Mh! Daftari langu halijawahi kuniambia bado."

Akina mama waliokalia magunia wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Yeye hakucheka. "Jumatatu. Ikipita hiyo, namwita yule bwana wa Mbeya anayeuza programu yake."

Huyo ndiye mteja wetu wa kwanza, kaka, na hatuna wa pili.

Mistari 580 uliandika wewe; kichwani bado unayo. Ya kwangu nimeshaandika upya 143. Ukirudi kwenye ya zamani, basi la Jumamosi linaniletea yako. Ukibaki na mpya, utaandika vizuri sana kitu ambacho huku hakitafunguka.

Nisalimie Mama, mchele wake nampa kondakta pamoja na barua hii. Msalimie wifi, na shangazi aliyeniachia taipureta yake. Mwambie herufi zote bado zinapiga.

Ijumaa saa tisa alasiri nitakuwa posta, nimesimama kando ya simu. Habari za dunia sizitaki. Nijibu neno moja: ya zamani au mpya? Ikifika saa tisa na nusu sijalisikia, naanza kuandika hata nusu yako, na programu itakuwa na jina la mtu mmoja.

Mdogo wako,
Rukia