Bonde Linaloonekana Kutoka Uani Kwetu

Kasama, Zambia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi ya Isansa? Kahawa mmemaliza kuchuma? Mimi ni mzima na ninakula vizuri. Kwenye simu huwa naishia hapo, ndiyo maana leo nimeandika.

Mwenye nyumba ya wageni ninakofanya ukarani, tunayemwita Bamayo, yaani mama kwa lugha ya huku, aliwahi kufanya biashara Tunduma na Kiswahili anakijua. Aliniagiza niandike ukurasa wa kuwaeleza wasafiri mandhari ya Zambia na ya Tanzania, wajue wapi wapitie. Nikaandika kwamba kwetu kuna milima, huku ni tambarare. Mpishi akapiga kelele: "Iwe, wewe Mtanzania! Nchi yetu umeitandika kama mkeka?"

Bamayo hakucheka. "Tangu ufike, umewahi kutoka nje ya geti hili?"

Kweli sikuwahi, mama. Miezi saba ni ofisini na chumbani tu, kwa woga wa kupotea. Akanipakia kwenye gari lake hadi maporomoko ya Chishimba. Njiani nimeona misitu isiyoisha, vichuguu virefu kuliko mtu, na mbingu pana ajabu. Maji yanaunguruma mpaka kifua kinatetemeka. Nimeyaandika yote.

Ya kwetu nimeandika udongo mwekundu, kahawa inavyochanua nyeupe baada ya mvua, na kwamba asubuhi, kutoka uani kwetu, bonde la Momba linaonekana chini limejaa ukungu. Wageni wawili wamelipenda hilo la bonde, wanataka kuja kuliona mwezi ujao, na mimi niwaongoze. Bamayo ameniambia, "Wakiliona, kazi ya kuongoza wageni ni yako. Wasipoliona, wewe usirudi nao hapa kazini."

Nalikumbuka bonde lile vizuri, ila sikumbuki kama nililiona nikiwa nimesimama chini, au nikiwa mabegani mwa marehemu baba.

Msalimie shangazi wa Ihanda aliyenishonea sweta, nalivaa. Msalimie na mjomba wa Itaka, mwambie ng'ombe wa huku wana pembe kama za ng'ombe wake. Kaka Amoni ndiye anipigie jibu.

Mama, kesho asubuhi simama uani utazame. Usipande juu ya kitu chochote. Kama halionekani, sema halionekani, usinihurumie. Nitafuta mstari huo na kumweleza Bamayo mwenyewe, kabla wageni hawajafunga mizigo.

Mwanao akupendaye,
Ezekia