Kabla Hujanikatia Tiketi ya Meli

Kitangari, Newala

Mwanangu Winfrida,

Marahaba, mama. Mikorosho imechanua vizuri, na mimi ni mzima, ila goti tu linanisumbua.

Nimesoma ulivyoniandikia kuhusu hiyo meli ya matembezi. Unasema tuchague chumba cha katikati, hakiyumbi sana, nibebe tangawizi ya kichefuchefu, na kwamba bafuni maji hayakatiki. Nimecheka. Sisi huku bado tunateremka bondeni na ndoo kichwani!

Lakini kabla hujalipa, waulize wenye meli watatia nanga wapi. Bandari umenitajia nyingi, Mtwara sijaiona. Mimi sina hamu na bahari, mwanangu, nina hamu na wewe. Hata baba yako tulimzika wewe hupo.

Kuja kwetu hakuna cha kuchagua chumba, unapanda basi tu. Kila Jumamosi nakuwekea ndoo ya maji ya kuoga, maana mtu akitoka safari huanza kuoga. Naifunika na ungo. Jumapili, basi la mwisho likishapita, naoga mwenyewe. Maji huku hayamwagwi.

Mama yako,
Dominika