Yoyo ya Goddy Inarudi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Baba mdogo Cyprian kaamua. Mama Shamimu wa duka la midoli Kinondoni atachagua yoyo moja, yangu au ya mdogo wangu Godlisten. Atakayepata oda abaki na karakana ya marehemu baba na mashine yake ya kukereza. Mwingine atoke Kiwalani na virago vyake. Sawa! Goddy ni fundi pikipiki. Anajua nini kuhusu yoyo?

Za baba zilikuwa za mti, kamba imefungwa katikati. Zinashuka, zinapanda, basi. Yangu ni aluminiamu. Uzito nimeusukuma ukingoni, katikati nimetia beringi, nimeiosha kwa petroli, grisi yote ikatoka, ikabaki kavu kabisa. Ukiitupa inazunguka huko chini mpaka unachoka. Wachezaji wa sasa wanataka hiyo.

Jumatano, 11 Juni
Mwizi! Nilipokwenda sokoni Goddy kaifungua yangu, kakereza ya kwake vilevile. Ila beringi kaijaza grisi — mazoea ya pikipiki hayo! Haikai chini ikazunguka hata kidogo. Nimemwambia, hongera, mdogo wangu. Kisha nimekwenda kucheka chooni. Akaaibike huko mbele za watu.

Jumamosi, 14 Juni
Nina hasira, nalia. Mama Shamimu katupa yangu, ikabaki inazunguka chini. Kauliza mbona hairudi. Nikamwonyesha jinsi ya kuinasa na kamba ndipo ipande. Akasema wateja wake watoto, nani atawafundisha hayo? Akashika ya Goddy — tupa, pap, kiganjani! Grisi inaizuia beringi, kamba inajizungushia yenyewe. Kosa lake limempa mjinga huyo ushindi! Kaambiwa apeleke dazani Jumatatu, watoto wajaribu. Zikirudi, oda yake.

Njiani Goddy kaniambia nianze kufunga mizigo. Kasema na kitanda cha mama nikiache.

Jumapili, 15 Juni
Kaja mlangoni, mpole ghafla. Dada, eti yako inazungukaje muda wote ule? Anataka dazani yake iwe bora zaidi.

Hajui! Hajui kilichombeba!

Nikamtilia chai, sukari tele. Nikamwambia grisi ni uchafu, itoe yote, osha kwa petroli. Kanishukuru sana. Kasema basi nisiondoke, chumba cha uani kipo, sie damu moja.

Bado ningeweza kumwambia ukweli. Nikamwongezea chai.

Sasa yuko nje, beringi zote kwenye beseni la petroli, anaimba pambio. Ananiita nimpelekee kitambaa kikavu. Nakuja, mdogo wangu, nakuja —