Okoth Amekata Springi za Ampu Yangu

Homa Bay, Jumapili, 1967. Jua limewaka tangu asubuhi, na mimi nina hasira tangu juzi.

Naandika hapa kwa sababu hapa ndipo ninapoweza kumtukana. Okoth ni kaka wa mke wangu, na kwetu shemeji hatukanwi, hata akikukanyaga usoni. Basi nasema: Okoth ni mjinga. Mjinga mwenye baa, na ndimo ninamopigia gitaa.

Ampu yangu, mashine ya kukuzia sauti ya gitaa, niliinunua kwa mzungu wa mgodini aliyekuwa akirudi kwao. Ina valvu zinazowaka nyekundu kama makaa, lakini utamu wake uko chini, kwenye kisanduku cha bati chenye springi mbili. Gitaa likipita humo sauti haikatiki, inabaki hewani kana kwamba unapiga ndani ya pango. Huku sijaona mwingine mwenye nayo. Kiongozi wa bendi moja ya Migori alinisikia mara moja tu, akaahidi kurudi Jumamosi, yaani jana, anisikilize tena, kisha anichukue.

Nilishaanza kuwaaga watu.

Siku ileile aliyonisikia, Okoth alisimama kufanya pakruok. Ndiyo desturi ya dansi zetu: mtu anasimamisha muziki, anatoa pesa kidogo, anajisifu mbele ya watu. Akashika maikrofoni iliyochomekwa kwenye ampu yangu. "Mimi Okoth, simba wa Lambwe!" Springi zikaliburuta neno: mbwe, mbwe, mbwe. Mlevi mmoja akamalizia, "Mbweha!" Baa nzima ikaangua kicheko.

Kwenye pakruok, anayekujibu anashindana nawe. Okoth akanigeukia amenuna. "Shemeji, nani huyo ananijibu ndani ya mashini yako?" Nikamweleza kwamba ni springi tu. Nilidhani ameelewa.

Kumbe alielewa mno. Juzi nilikuta mgongo wa ampu umefunguliwa, springi zimekatwa kwa koleo, zimetupwa sakafuni pamoja na vizibo vya bia. Naye anatabasamu.

"Nimetoa ile mtu ilikuwa inanijibu, shemeji. Sasa mashini ni safi."

Nikasema asante. Mdomo huu huu ulisema asante!

Jana mchana yule wa Migori alikuja kweli. Gitaa lilitoka kavu, kila noti inakufa inapozaliwa. Alisikiliza wimbo mmoja, akaacha soda yake nusu, akaondoka bila kunitazama. Nilitamani ampu ile imwangukie Okoth mguuni.

Halafu bwana mkubwa akasimama tena. "Mimi Okoth, simba wa Lambwe!" Sauti ikadondoka hapo hapo alipokuwa. Hakuna aliyecheka wala aliyepiga makofi. Akarudia kwa nguvu zaidi. Watu waliendelea na bia zao. Akanigeukia, jasho linamtoka.

"Shemeji, mbona leo hakuna mtu ananijibu?"

Nikainamisha kichwa juu ya gitaa, kwa adabu yote anayostahili shemeji.

Na mimi sikumjibu.