Matawi Kwenye Njia ya Baiskeli

KITUO CHA POLISI CHA MIKARATUSI, NAKURU
MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Tukio la Jumamosi, tarehe 7 Machi 2026, msitu wa Menengai
Jina la shahidi: Immaculate Nasimiyu
Umri: Miaka 54
Kazi: Kuuza chai na nduma
Makazi: Kiti, Nakuru
Yameandikwa: Jumatatu, tarehe 9 Machi 2026, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa hapa kituoni, nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe. Nimekuja alfajiri kwa sababu nimeambiwa gari la mahakama linaondoka saa mbili, na kwamba Odero atapandishwa humo kwa kosa la wizi wa mabavu. Odero hakuiba kitu na hakumpiga mtu. Nilikuwepo.

Huyo Odero ni mchungaji. Anachunga ng'ombe watatu wa Mama Mastura wa Bondeni, na kibali cha malisho wanacho. Zamani alikuwa tanboi, utingo wa malori pale Mai Mahiu, mpaka goti likamkatalia kupanda na kushuka. Vijana wa baiskeli nawajua pia. Kila Jumamosi huegesha magari yao kando ya meza yangu, wanateremsha zile baiskeli zao za mlimani, wanapanda nazo msituni na kushuka kama wamefukuzwa na nyuki. Njia wanazopita zilikuwa za ng'ombe na za sisi wa kuni, wao wakaja na majembe, kwa ruhusa ya watu wa misitu, wakazilainisha na kuinua udongo kwenye kona ili wasianguke. Ni watoto wazuri. Wananilipa na wanasema asante, na si watoto wote siku hizi wanajua hilo neno. Afisa ameniambia nije kwenye habari ya siku yenyewe.

Mnamo tarehe 7 Machi, chai yangu ilikwisha mapema, saa tatu na nusu asubuhi. Nilifunga meza nikaingia msituni kutafuta kuni. Risiti yangu ya kuni ya mwezi huu ninayo, na afisa ameiona. Nilifuata ile njia ambayo vijana wanaiita Nyoka. Kwenye kona ya chini nilimkuta Odero amesimama, na ng'ombe mmoja wa Mama Mastura, yule wa kahawia mwenye paji jeupe, amelala katikati ya njia. Alikuwa ameanza kuzaa. Ng'ombe si mjinga. Msitu wote una mizizi na mawe, naye alichagua ule udongo laini ambao vijana waliulima wenyewe.

Odero aliponiona alisema, "Immaculate, umekuja wakati wa maana. Huyu ameamua ni hapa."

Nikamwambia, "Si umtoe kwa njia? Wale watoto wako huko juu, watashuka saa hii."

Akasema, "Ng'ombe akishaanza kusukuma huwezi kumsongesha. Utaua mtoto."

Hapo alisema kweli. Nimezaliwa kwenye boma la ng'ombe huko Bungoma na hata mimi nisingemsongesha. Basi Odero alichukua panga lake akakata matawi ya majani mengi, akapanda na njia, akayalaza katikati, moja karibu na kona, lingine mbele yake, na la tatu juu zaidi, vile watu wa malori hufanya lori likiharibika barabarani. Mimi nilimcheka. Nilimwambia, "Odero, huu ni msitu. Kila kitu hapa ni matawi. Nani atajua haya yako yanasema pole pole?"

Akanijibu, "Tawi likilala katikati ya njia, hata mtoto anajua kuna gari imekufa mbele."

Alirudisha panga kiunoni. Tulipoangalia ng'ombe, mguu mmoja tu wa ndama ndio ulikuwa umetoka. Mwingine ulikuwa umejikunja ndani. Odero alikunja mikono ya shati, akapiga magoti, akaingiza mkono na kuutafuta. Nilivua kitambaa changu cha kichwa tukaufunga ule mguu uliokuwa nje, nikawa nimeushikilia. Wakati huo sisi wawili tulikuwa na damu hadi kwenye viwiko. Naomba afisa aandike hivyo hivyo, kwamba damu iliyokuwa kwa Odero ilikuwa ya ng'ombe, na ilikuwepo kabla baiskeli haijafika.

Ilikuwa kama saa nne na robo niliposikia baiskeli. Pale juu ya kona miti ni michache, unaona vizuri. Aliyekuwa mbele ni Jerry, kijana mrefu mwenye kofia ya manjano. Aliona matawi. Hakupunguza mwendo, aliongeza, akapiga ile "wuuu" yao ya furaha na kuruka. Nadhani alifikiri wenzake wameweka kitu kipya cha kuruka. Simlaumu. Angekuwa kwenye gari pale Mai Mahiu angeona tawi na kukanyaga breki kabla ya kuliona lori, lakini msituni nani huvunja furaha yake kwa sababu ya matawi? Aliposhuka chini ndipo alipoona ng'ombe. Alikata kona, akaupiga mti kwa bega. Mlio wa mfupa niliusikia, na bado ninausikia.

Afisa ameniuliza Odero alikuwa wapi kijana alipoanguka. Alikuwa amepiga magoti kando yangu, mkono wake ukiwa ndani ya ng'ombe. Hakuna aliyemgusa kijana yule isipokuwa mti.

Odero alikuwa ameupata ule mguu wa pili. Aliuvuta nje, akaniambia, "Shika yote miwili, usiachilie," kisha akakimbia na goti lake hilo bovu kwenda kwa kijana. Ni kama hatua ishirini juu yetu. Nilimwona akiinama, akimwita, "Boss, boss, unanisikia?" Alimtoa begi mgongoni ili apumue. Simu ya kijana ilikuwa imeanguka kwenye majani, ikaanza kulia. Odero akaiokota.

Ndipo wenzake wakatokea, Quincy mbele, na msichana anaitwa Shantel, na kijana mwingine ambaye jina lake silijui. Naelewa walichokiona. Waliona matawi yamelazwa njiani, rafiki yao yuko chini hasongi, na mwanamume mwenye damu mikononi na panga kiunoni ameshika simu ya Jerry. Hata mimi ningepiga nduru.

Quincy alisema, "Wee! Umemfanya nini? Hiyo ni trap, guys, ni mtego!"

Odero alisema, "Boss, ngoja nikuelezee." Hawakungoja. Walimwangusha chini, wakamfunga mikono kwa tyubu ya baiskeli.

Mimi nilikuwa napiga kelele kutoka kule chini. Nilisema ni ng'ombe, njooni muone ni ng'ombe. Wao walikuwa wanapiga kelele pia, na ng'ombe mwenyewe alikuwa analia, kwa hivyo hakuna aliyesikia mwenzake. Sikuweza kwenda. Pua ya ndama ilikuwa imeshatokeza, na ningeachilia ningewapoteza wote wawili. Sijawahi kutaka kuwa mahali pawili kama siku hiyo. Nilivuta huku nikilia, nasema hivyo bila aibu, na ndama akatoka. Nilimfuta pua, nikamchokoa kwa jani mpaka akapiga chafya, kisha nikakimbia juu.

Shantel ndiye aliyeniona kwanza. Alisema, "Kuna mwingine! Ako na damu!"

Quincy aliokota jiwe. Akasema, "Mathe, simama hapo hapo. Usikuje."

Nikamwambia, "Quincy, ni mimi wa chai." Kila Jumamosi huniomba nimwongezee tangawizi. Lakini siku hiyo nilikuwa kichwa wazi, kitambaa changu kiko kwenye miguu ya ndama, nguo yote damu, na hakunijua. Iliniuma. Pia niliogopa. Nimeishi miaka ya kutosha kuona watu wema wakigeuka, na jiwe la kwanza likirushwa, la pili halina mwenyewe. Nilirudi nyuma. Odero alinitazama akatikisa kichwa, kama kuniambia nisisogee.

Walimbeba Jerry, wakamtembeza Odero mbele yao hadi kwenye magari. Hawakumpiga njiani, walimleta kwa polisi kama sheria inavyotaka. Hilo nawashukuru na naomba liandikwe. Wangekuwa watu wengine, leo ningekuwa naandikisha maelezo mengine.

Nilikaa na ng'ombe mpaka akasimama. Mnamo saa saba mchana tulimpakia ndama kwenye bodaboda hadi Bondeni, mwenye pikipiki akienda polepole na mama yake ndama akifuata nyuma akilalamika njia nzima, na wale ng'ombe wengine wawili nyuma yake. Nilipomweleza Mama Mastura, alishika mdomo. Alisema, "Odero wangu mimi? Huyo huomba ruhusa hata ya kunywa maji!" Jioni hiyo hiyo nilifika hapa kituoni. Pale mbele niliambiwa afisa mwenye kesi hayuko, nirudi Jumatatu. Afisa ameniuliza kama ninamjua aliyeniambia hivyo. Simjui, na sikuja kushtaki mtu.

Atakayetaka kuhakikisha aende Bondeni nyuma ya nyumba ya Mama Mastura, ataona ng'ombe na ndama wake. Mama Mastura mwenyewe yuko hapo nje kwenye benchi. Jana nilipita pale konani, na matawi yalikuwa bado yapo, yamenyauka. Sikuyagusa.

Namwombea Jerry apone bega. Yeye pia hana kosa. Hakuna mwenye kosa hapa, na ndiyo maana inaniuma kwamba kuna mtu amelala kwenye simiti siku mbili.

Jambo moja lingine. Odero hakumwona ndama. Alipoondoka ilikuwa miguu tu. Hata kama hataachiliwa leo, naomba aambiwe ni jike, na kwamba amenyonya.

Hayo ndiyo niliyokuja kusema. Nimesomewa yote na ni maneno yangu, hata yale ambayo afisa alitaka kuyafupisha nikakataa.

Sahihi: I. Nasimiyu

MAONI YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Jepleting, na kumsomea shahidi saa moja na dakika ishirini asubuhi. Shahidi yuko timamu. Ni msemaji.

Saa moja na nusu nilimtoa mtuhumiwa seli, nikamuuliza damu iliyokuwa mikononi mwake ilikuwa ya nini. Alisema ya ng'ombe. Nilimuuliza kwa nini hakusema hivyo tangu Jumamosi. Alisema hakuulizwa kuhusu damu. Aliulizwa wenzake wako wapi, naye akajibu hana.

Nilimfikishia ujumbe wa shahidi kuhusu ndama. Aliuliza kama yule kijana wa baiskeli anaweza kuinua mkono. Nilimwambia sijui. Alisema angependa kujua.

Gari la mahakama limeondoka saa mbili na dakika kumi bila yeye.

Sahihi: Kpl. Jepleting