Vigingi vya Baba

Mdogo wangu,

Sisi tupo. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kabati lako.

Nimepewa kazi ya kupanga njia ya uwanja wa gofu, mashimo kumi na nane. Wapimaji wana ramani, mimi nina Baba. Miaka yake arobaini ya kubebea wachezaji mifuko ya fimbo si mchezo. Yeye hutangulia, nami nafuata na vigingi. Anaposimama, nachomeka kimoja: shimo linaishia hapo.

"Njia nzuri haigombani na kilima," ananiambia. "Jua la jioni lisimpige mtu machoni. Na shimo la tisa lirudi pale tulipoanzia, ili aliyechoka aende zake bila kuomba ruhusa."

Nilidhani anasimama kuchagua mahali. Jana nikapima toka kigingi hadi kigingi: kila shimo ni fupi kuliko lililotangulia. Nikamuuliza.

"Ardhi ndiyo inavyotaka," akajibu akihema, ameegemea kigingi kwa mikono miwili.

Amenikataza kukuandikia. Na wewe usiniletee habari za kazi nyingi, hata mimi ninazo. Tumefika shimo la saba. Njoo kabla ya la tisa.

Dada yako