Ba karibu bangoje ba mbali

Mujukuu wangu, bwana yangu mudogo,

Huku Dilala tuko bazima. Dada yako amezaa mapasa, babili mara moja, na mi nkambo yako nimecheza mpaka magoti yakalalamika.

Unaandika kwamba munachunguza satelite za juu sana kwa darubini mbili zilizoachana mbali, na mwanga unaofika mbele lazima ungoje ule wa nyuma ndipo ikutane. Unauliza kama nimeelewa. Sana!

Wakati kampuni ya mugodi ilianguka na majirani betu banafukuzwa juu ya kabila yao, nusu ya korali yetu ya kanisa ilipandishwa treni. Sisi tuliobakia tukaenda kubaimbia kwenye gare ya treni. Bao bakaimba pamoja nasi toka wagoni ya mwisho, lakini sauti yao ilitufikia imechelewa. Wimbo ukavurugika, tukacheka na machozi. Mama Berta, kiongozi wetu, akapiga makofi: "Banamama, muko mbio! Ba karibu bangoje ba mbali!"

Tukangoja kidogo tu, sauti zikaingiana, ikawa korali moja nzima. Hata askari mwenye kulinda treni akavua kofia.

Treni ikaenda. Siku ya Mungu iliyofuata, mu kanisa, tuliimba vile vile, kila mstari tukibaachia nafasi yao.

Wewe uko mbali, bwana yangu. Usikimbie. Mi naimba polepole.

Bibi yako wa kwanza,
Nkambo Feza